Kule ya E Nne

Tarehe 2 Machi

Barua imefika leo ofisini, na kwa bahati mbaya nimeifungua mimi. Imetoka kwa mwalimu mstaafu aliyenunua kitabu chetu cha wasafiri, kile chembamba chenye jalada la kijani. Nainakili hapa nisije nikasema niliota:

"Ukurasa wa kumi na nne mmesema ukifika kwenye mashine ya kusaga, maporomoko yako hapo tu. Mke wangu alikuwa amevaa viatu vya visigino. Tumetembea saa mbili na nusu. Mpaka leo hanisemeshi. Hiyo hapo tu ni ya nani?"

Bwana Nukta, mhakiki mwenzangu, amecheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Kitabu aliandika Meneja, amekaa kitini mwake, kwa kuwauliza madereva wanaotuletea karatasi. Lakini aliyekihakiki ni mimi. Nimehesabu: "hapo tu" imetokea mara arobaini na tatu, zote zimeandikwa sawasawa, hakuna herufi iliyokosewa. Miaka kumi na tisa nahakiki safari za watu herufi kwa herufi, na mwenyewe sijawahi kwenda mbali kuliko kwa wifi yangu. Nimeona aibu, naandika wazi.

Tarehe 3 Machi

Meneja ameisoma barua akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Tunakiua," amesema. "Kitabu kinachotuaibisha, kinakufa."

"Hakijafa, Meneja. Kimepotea njia. Nipe msimu huu wa mvua niende mwenyewe, nitembee kila hatua, nikiandike upya."

Amenitazama kama nimemwomba kiti chake. "Wewe, Dada Wino? Wewe ambaye basi la asubuhi hujawahi kulipanda?"

"Ndiyo maana sitatia chumvi. Sijui hata wasafiri hudanganya vipi."

Bwana Nukta akakohoa kuficha kicheko. Meneja akatoa masharti, na nimemwomba ayarudie mbele ya shahidi. Mwisho wa Mei atakipima kitabu kwa miguu yake mwenyewe. Atashuka stendi na nakala mkononi, atatembea mpaka maporomokoni bila kumuuliza mtu, hata mbuzi. Akifika, tunachapa, na jina langu linakaa kwenye jalada. Akipotea, kitabu kinazikwa, na mimi sitamtajia neno "safari" mpaka nistaafu.

Ikumbukwe kwamba Meneja ni yule aliyepotea akienda kwenye mahafali ya binti yake, akakaa saa nzima kwenye mahafali ya chuo kingine, akipiga makofi.

Bwana Nukta atakalia meza yangu. Nimemwonyesha karatasi niliyoibandika pale mwaka wangu wa kwanza: HERUFI ILIYOZIDI NI KUNGUNI. UA. Ameahidi hatanusurika hata mmoja.

Tarehe 4 Machi

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, amesikia habari akiwa anapiga pasi. "Nani, wewe? Wewe si unapotea ukitoka bafuni kwenda chumbani?" Kisha amenifungia soksi jozi sita kwenye mfuko wa nailoni, akiendelea kunicheka. Nilimuuliza kama angependa twende wote. Akasema kwake safari inaishia getini.

Tarehe 7 Machi

Nimefika stendi, nalala hapa. Mvua nayo imefika.

Tarehe 8 Machi

Nimetembea leo kutoka stendi mpaka nyumba ya wageni iliyo karibu na maporomoko, na nimelowa chapachapa mpaka kwenye mbavu. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga nilimuuliza mama anayesaga unga: "Samahani, maporomoko ni mbali?" Akasema, "Aa, wala. Hapo tu." Nikatembea nusu saa. Nikamuuliza mwendesha baiskeli. "Hapo tu, dada." Nikatembea tena mpaka viatu vikaanza kuimba. Nikamuuliza bibi mmoja aliyebeba kuni. "Umefika! Hapo tu!" Toka kwa yule bibi mpaka mlango wa nyumba ya wageni ni dakika hamsini na mbili. Nina saa ya mkononi, sibahatishi.

Mama mwenye nyumba ya wageni amenipokea na taulo. Ana vyumba vitano, vyote vitupu. Anasema mwaka huu wageni wamekata mguu, hajui kwa nini. Mimi najua kwa nini. Nimejifanya napiga chafya.

Maporomoko sijayaona bado. Nayasikia tu nyuma ya nyumba.

Tarehe 9 Machi

Miguu. Siandiki zaidi.

Tarehe 12 Machi

Leo nimeuliza duka la viberiti liko wapi. "Hapo tu." Dakika nne! Siku ile hapo tu ilikuwa mwendo wa saa mbili, leo ni dakika nne. Hawa watu ni waongo, tena waongo wenye tabasamu. Nimemwambia Mama, akaniuliza kama nimekula.

Tarehe 15 Machi

Mvua. Nimekosoa makosa sita ya tahajia kwenye tangazo la bafuni. Mama hakufurahi.

Tarehe 19 Machi

Nimeyaona maporomoko, na nimeona kitu kikubwa kuliko maporomoko. Niandike polepole nisikiharibu.

Asubuhi mvua ilikatika. Nilishuka ngazi za nyuma ya nyumba, nikapinda kwenye mwamba, na maji yakawa mbele yangu, meupe, yanaanguka kutoka juu kabisa. Nililia. Nina miaka hamsini na mmoja na nimesahihisha neno "maporomoko" labda mara elfu, sikujua linahusu nini. Nilikaa pale mpaka makalio yakafa ganzi.

Niliporudi, Mama alikuwa uani anamsubiri mtu wa gesi. Akapita jirani akitoka bondeni. Mama akapaza sauti, "Gesi yangu umeiona?" Jirani akajibu bila kusimama, "Inakuja, hapo tu, iko kuleee." Mama akatazama saa ya ukutani, akasema, "Basi nafua mashuka kwanza." Akafua, akasuuza, akaanika. Shuka la mwisho linapanda kwenye kamba, gesi inaingia getini. Saa nzima kamili.

Nikamuuliza, "Mama, umejuaje kama ni saa nzima? Si amesema hapo tu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Amesema kuleee. Angesema kulee ningemsubiri. Angesema kule ningeshawasha na jiko."

"Na hapo tu?"

"Mwanangu, ukimkuta mtu amelowa anakuuliza njia, utamwambia bado saa mbili? Si ataketi barabarani alie? Hapo tu ni ya moyo. Kule ndiyo ya miguu. Wewe hukusikia kule?"

Nilisikia. Yule mwenye baiskeli alisema "hapo tu, dada, kuleee pale," na yule mama wa unga aliivuta mpaka nikadhani anapiga miayo. Mimi niliandika "hapo tu" daftarini, kule nikaiacha hewani. Waongo! Nimewaita waongo watu walionipa umbali na moyo kwa pumzi moja. Nimeona haya, lakini haya yenyewe ni tamu, kwa sababu sasa najua la kufanya.

Tarehe 20 Machi

Nimenunua betri ya saa. Kazi imeanza.

Tarehe 2 Aprili

Siku kumi na tatu nimeuliza, nimesikiliza, nimetembea, nimepima. Watu sitini na wawili. Naandika hapa orodha itakayokaa kwenye ukurasa wa pili wa kitabu, kwa mwandiko wangu mwenyewe kama mchoro, maana kwa taipu haipendezi:

Kule, e moja: haizidi robo saa. Kulee, e mbili: nusu saa. Kuleee, e tatu: saa moja. Kuleeee, e nne: saa mbili. Kuleeeee, e tano: lala kwanza, uende kesho.

Mkono ukinyooka, uko kwenye njia yenyewe. Kidevu kikiinuka, kuna kupinda. Sauti ikipanda, kuna mlima. Sauti ikipanda halafu ikakatika, kuna mto, uliza daraja.

Nimemsomea Mama. Amecheka mpaka akafuta macho, kisha akasema e tano kwake ni kwa kaka yake anayeishi mji mwingine, na hajamwona miaka minne. Mvua ilikuwa nzito juu ya bati.

Tarehe 11 Aprili

Mambo niliyojifunza, kabla sijayasahau. Usiulize "Ni mbali?" Hakuna mtu mwenye adabu atakayekujibu "Ndiyo." Uliza "Ni wapi?" kisha ufunge mdomo, mwache aivute kule yake mpaka mwisho. Mimi mara ngapi nimemkatiza mtu kwenye e ya pili kwa kusema asante! Nikatembea na nusu ya jibu. Salamu kwanza, tena salamu yote, na habari za nyumbani. Ukiikata salamu, naye anaikata kule. Usimuulize aliyebeba mzigo kichwani, kwake kila kitu kina e nne. Usimuulize kijana aliye na pikipiki, kwake kila kitu kina e moja. Soksi kavu zikae kwenye nailoni, dada yangu Mungu ambariki. Na ukifika mahali pazuri, usikimbilie kuandika. Kaa kwanza.

Tarehe 20 Aprili

Nimeteleza kwenye daraja. Sketi imekwenda na mto. Mimi nimebaki.

Tarehe 23 Aprili

Mama wa unga amenirudishia sketi. Iliokotwa kulee, chini ya mashine yake. Ameifua na kuipiga pasi. Mwezi uliopita mimi huyu nilimwita mwongo!

Tarehe 5 Mei

Nimemaliza. Kurasa tisini, nimezichapa kwenye kompyuta ya kuazima. Kila njia ina kule yake, na kila kule ina e zake. Nimempa dereva wa basi bahasha ampelekee Bwana Nukta mkononi, naye achape nakala moja ya majaribio kwa ajili ya Meneja. Mimi nabaki hapa kumsubiri mwisho wa njia. Moyo wangu mweupe.

Tarehe 16 Mei

Mvua. Mvua. Mvua. Mama anasema mwaka huu mbingu imetoboka.

Tarehe 28 Mei

Siku ya Meneja. Naandika tangu mchana kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Saa tatu asubuhi nilipanda ngazi ya tangi la maji, maana hapa mtandao unapatikana juu ya tangi tu, nikampigia Bwana Nukta kujua kama Meneja ameondoka.

"Ameondoka alfajiri na nakala yako mkononi," akasema, sauti imejaa furaha. "Na Dada Wino, pole sana na hiyo kompyuta uliyoazima huko."

"Pole ya nini?"

"Kitufe cha e kilikuwa kinanata, au siyo? Kunguni wamejaa! Nimewaua wote. Sabini na mmoja. Sasa kitabu ni safi, kule ni kule, kama kamusi inavyotaka."

Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Nikatamani kumpigia kelele, lakini niliiona mbele ya macho ile karatasi ya mezani, kwa mwandiko wangu. Hakukosea yule bwana. Alifanya nilichomfundisha. Nimekiua kitabu changu kwa sheria yangu mwenyewe, miaka kumi na tisa kabla ya kukiandika!

"Ukurasa wa pili je?" nikauliza.

"Ule mchoro? Sikuugusa, ni picha. Dada Wino? Upo? Nimekosea kitu?"

Nikakata. Nikampigia Meneja. Hapatikani. Bonde lote lile hakuna mtandao, nani anajua zaidi yangu, nimelitembea mara kumi na tisa. Meneja anashuka stendi na kitabu kinachomwambia kila kitu ni robo saa. Kutoka kwenye mashine ya kusaga mpaka hapa: kule. E moja. Yaani hapo tu imerudi na jina jipya.

Nilitaka kumkimbilia. Mama akanikamata mkono. "Ukimfuata, umemsaidia. Si masharti? Kaa."

Alitakiwa kufika saa saba. Saa saba imepita. Saa nane imepita, na mvua imeshuka kama inatupwa. Saa tisa nimeshika tama mlangoni, nasikia jina langu likifutwa kwenye jalada. Saa kumi Mama ameweka maji ya moto jikoni bila kusema ni ya nani.

Tarehe 29 Mei

AMEFIKA!

Jana sikuandika zaidi, kalamu niliidondosha mlangoni. Saa kumi na dakika arobaini nilimwona anapinda kwenye kona, kiatu kimoja mkononi, matope mpaka masikioni, kitabu amekiingiza ndani ya shati kama mtoto. Hakusalimia. Alinyoosha kidole kwangu toka getini.

"Nani," akauliza, "ameziiba e za kitabu hiki?"

Mama akamvika taulo. Alipokwisha kukaa na kikombe mkononi, akatueleza, nami nayaandika kama alivyoyasema.

"Kwenye mashine nikasoma: kutoka hapa, maporomoko ni kule. Nikageukia ukurasa wa pili, e moja, robo saa. Nikatembea robo saa. Hakuna kitu. Nusu saa, hakuna kitu. Nikakaa juu ya jiwe, mvua inanipiga, nikasema huyu mwanamke ameniweza, kitabu hiki leo ndiyo mazishi yake. Halafu nikautazama tena ule ukurasa wa pili. Nikajiuliza, mtu anayechora e tano kwa mkono, kwa nini kitabu kizima kina e moja? Nikapekua kurasa zote tisini. Hakuna hata kulee moja. Ndipo nikamkumbuka Bwana Nukta na ile karatasi ya mezani kwako. Nikacheka peke yangu kama kichaa."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi kwenye mashine. Nikamsalimia yule mama, salamu yote, kama ulivyoandika. Nikasema, maporomoko ni wapi? Nikafunga mdomo." Akaweka kikombe chini, akainua kidevu, na Meneja wangu, mtu anayevaa tai hata Jumamosi, akaimba: "'Hapo tu, baba, kuleeee!' Nikahesabu kwa vidole. Nne. Nikatazama saa, nikaanza kutembea. Saa mbili na dakika sita. Na hizo sita ni za kuanguka."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini mimi ni mhakiki, kosa nikiliona silipiti. "Meneja, umeuliza. Masharti yalikuwa usimuulize mtu, hata mbuzi. Kwa masharti, nimeshindwa."

Akaikamua tai yake. Mvua nayo ilikuwa imepungua, maporomoko yanasikika nyuma ya nyumba.

"Masharti yale yaliwekwa na mtu aliyekaa kitini," akasema. "Mimi niliandika kitabu cha kumfanya mgeni asiongee na mtu, nikampoteza. Wewe umenifundisha kusikia. Kitabu chako kimeharibiwa chote, Dada Wino, umebaki ukurasa mmoja, na huo mmoja umenifikisha. Vikiwepo vyote tisini itakuwaje?"

"Zikiwepo," nikasema. "Kurasa ni zikiwepo."

Mama akacheka, Meneja akacheka, na mimi nikalia huku nacheka, sikujali nani ananiona. Asubuhi hii nimempeleka kuyaona maji. Amekaa nusu saa nzima na tai yake yenye matope, kama nilivyoandika, bila kutoa simu.

Tarehe 6 Juni

Nimerudi ofisini. Bwana Nukta alisimama nilipoingia, macho mekundu, ana karatasi mkononi. Kumbe kila kunguni aliyemuua alimwandika: ukurasa, mstari, idadi. "Nisamehe, Dada Wino. Wote sabini na mmoja wako hapa. Ninawafufua leo leo."

"Hukukosea wewe," nikamwambia. "Ilikosea meza." Nikaibandua ile karatasi. Ilitoka na rangi ya mbao. Kufika saa sita mchana alikuwa amerudisha e zote, anazisoma kwa sauti, akizivuta moja moja, mpaka wapiga chapa wakaja mlangoni kuuliza nani anaimba.

Sentensi ya kwanza ya kitabu nimeibadilisha. Ya Meneja ilisema: "Ukiwa na kitabu hiki hutahitaji kumuuliza mtu." Sasa inasema: "Uliza, kisha nyamaza uhesabu."

Tarehe 1 Julai

Kimetoka. Jina langu liko kwenye jalada. Nimelihakiki mara nne. Liko sawa.

Tarehe 19 Julai

Barua mbili leo. Ya kwanza kutoka kwa Mama: vyumba vitano vimejaa, na wageni wote wanafika wakihesabu vidole. Ya pili kutoka kwa mwalimu mstaafu:

"Tumerudi, safari hii na kitabu chenu kipya. Mke wangu alivaa raba. Tumefika, na ananisemesha, tena sana. Kosa ni moja: ukurasa wa thelathini na moja, kulee iwe kuleee. Mke wangu husimama kwenye kila ua."

Nimempa Bwana Nukta aiongeze.

Jioni nilikuwa chumbani napanga soksi kwenye nailoni. Dada yangu mkubwa alisimama mlangoni, kitabu changu mkononi, kidole amekiweka kwenye ukurasa wa pili. Nimemwona anakisoma wiki nzima akidhani simwoni.

"Haya, Dada Wino. Safari hii unakwenda wapi?"

Nikainua kidevu kuelekea dirishani. "Kuleeeee."

Akahesabu kwa vidole, polepole, midomo inacheza. Vidole vikaisha mkono mmoja.

"Tano," akasema. Akafungua kabati, akatoa viatu vyake visivyowahi kuvuka geti, akaviweka karibu na vyangu. "Basi ngoja nilale kwanza. Twende kesho."